Kaniama: jino limeng'olewa, maumivu ya uso yamebaki

Kuna maumivu ya uso ambayo hayatoki kwenye jino wala kwenye jeraha linaloonekana. Watafiti wa neva wanaonyesha kama maumivu haya yanaweza kulindwa, hata kwa miezi na miaka, na seli ndogo zinazoitwa glia. Seli hizo ni nini? Na habari yao inabadilisha nini kwa mgonjwa wa teritware ya Kaniama, katika jimbo la Haut-Lomami, ambaye yuko mbali na waganga wa neva?

Njia ya mgonjwa wa namna hii inajulikana duniani kote, si Kaniama peke yake. Anasikia maumivu makali kwenye taya, watu wanamwambia ni meno. Anameza parasetamoli, anameza diklofenaki, hakuna mabadiliko. Jino linang'olewa. Kisha siku chache maumivu yanarudi fasi ile ile, sasa wanasema ni jino la pembeni. La pili nalo linatoka. Wako wagonjwa wanaofika kwa munganga wa neva wakiwa wamepoteza meno mengi mazima, bila faida yoyote. Katika familia, maneno nayo yanakuwa yamebadilika: wengine wanasema anajifanyisha, wengine wanasema «balimuloga», wengine wanamupeleka kwenye chumba cha maombi. Franga zimekwisha na maumivu yamebaki.

Kwa hiyo habari ya glia si habari ya maabara peke yake. Inagusa meno ya watu, mfuko wa familia, na heshima ya mgonjwa katika nyumba yake.

Neva gani hiyo?

Kila upande wa uso una neva moja kubwa inayopeleka kwenye ubongo habari za kuguswa, za baridi, za moto na za maumivu. Waganga wanaiita trijumo, ao neva ya tano. Inagawanyika matawi matatu. Tawi la kwanza linahudumia paji la uso na jicho. La pili linahudumia shavu, pembeni ya pua na meno ya juu. La tatu linahudumia taya la chini na meno ya chini.

Isichanganywe na neva ya saba, ile inayochezesha uso. Neva ya saba ikipata shida, mdomo unapinda na jicho halifungi vizuri. Neva ya tano ikipata shida, uso unaweza kubaki sawa kabisa, mtu akitazama haoni kitu, lakini mwenye uso anateseka.

Ugonjwa unaojulikana zaidi wa neva hii unaitwa nevraljia ya trijumo. Maumivu yanakuja kwa gafula, sawa umeme unapita, yanakaa sekunde chache, mara nyingi hayapite dakika mbili, kisha yanatoka. Yanaweza kurudi mara nyingi kwa siku moja. Kinachoyaamsha ni kitu kidogo: kunawa uso, kupiga mswaki, kutafuna, kusema, hata upepo kwenye shavu. Karibu sikuzote ni upande mmoja tu. Ugonjwa huu unakamata wanawake kuliko wanaume, na zaidi watu waliopita miaka 50.

Sasa, juu ya nini meno yanapata lawama? Ni sababu tawi la pili na la tatu ndiyo yanapeleka habari za meno. Neva ikipiga kelele katikati ya njia, ubongo unasoma kama kelele imetoka mwisho wa njia, ni kusema kwenye jino. Mgonjwa hasemi uongo anapoonyesha jino lake kwa kidole. Anaonyesha fasi ubongo wake unamuonyesha.

Glia: wafanyakazi wa njia

Mwaka 1856, munganga mmoja wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alitoa jina kwa kile kitu kilichojaa katikati ya seli za neva. Aliona sawa ni gundi inayoshika seli pamoja, na neno glia linatoka katika Kigiriki, maana yake ni gundi, ile watu wengi wanaita kole. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wengi waliendelea kufikiri kama glia ni kole tu.

Leo hesabu inajulikana vizuri zaidi. Ubongo wa mtu una neuroni karibu bilioni 86, ni kusema seli zinazopeleka habari. Pembeni yao kuna seli zingine zinazokaribia hesabu ile ile, na nyingi kati yao ni glia. Tuseme hivi kwa watu wa Kaniama, wanaoishi kandokando ya njia ya reli inayotoka Kamina kwenda Kananga: neuroni ni treni, glia ni wafanyakazi wa njia. Treni inaonekana na kusikilika, wale wanaokaza reli na kufyeka majani hakuna anayewataja. Lakini siku wanaacha kazi ao wanaifanya vibaya, treni inaanguka.

Kuna aina mbalimbali za glia, na katika maumivu ya uso aina tano zinahusika.

Oligodendrositi, ndani ya ubongo, na seli za Schwann, inje ya ubongo, zinafunika nyuzi za neva kwa mafuta yanayoitwa mielini. Kazi ya mielini ni sawa na ile plastiki ya juu ya waya wa umeme.

Seli satelaiti zinazunguka kila neuroni katika fundo la trijumo, ndani ya fuvu la kichwa, mbele kidogo ya sikio. Zinasafisha pembeni ya neuroni, zaidi zinaondoa potasiamu inayobaki kila mara neuroni inapofanya kazi.

Mikroglia ni walinzi wa ubongo. Pío del Río Hortega, mtafiti wa Hispania, alizieleza mwaka 1919. Zinatafuta vidudu na seli zilizokufa, kisha zinazila.

Astrositi, zenye umbo la nyota, zinalisha neuroni na kupima nguvu ya mazungumzo kati yao.

Maumivu yanavyokataa kutoka

Maumivu ya kawaida ni kengele. Unakanyaga mwiba, kengele inalia, unautoa, kengele inanyamaza. Katika maumivu ya kudumu ya neva, mwiba umetoka zamani, lakini kengele inaendelea kulia. Na waganga wanasema ni ya kudumu pale yanapopita miezi mitatu.

Katika nevraljia ya trijumo, mara nyingi shida inaanza kwenye mlango wa ubongo, pale neva inapoingia. Ni fasi ambapo mielini ya seli za Schwann inakwisha na ile ya oligodendrositi inaanza. Mpaka huo ni dhaifu. Kwa wagonjwa wengi, mshipa wa damu umelala juu ya neva karibu na mpaka huo, unaipiga kila moyo unapodunda. Mwaka baada ya mwaka, mielini inachubuka. Nyuzi zilizobaki wazi zinagusana, sawa waya mbili zilizochubuka plastiki. Hapo habari ya kuguswa kidogo inaruka na kuingia katika uzi wa maumivu. Njo maana upepo tu unakuwa umeme.

Kisha kuna hatua ya pili, na hapa glia zingine zinaingia. Watafiti waliumiza neva ya uso ya panya, wakaangalia fundo la trijumo. Seli satelaiti ziliamka. Zilianza kuungana moja na nyingine kuliko zamani, zikaacha kusafisha potasiamu vizuri, zikatoa kemikali za uvimbe. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kama mlango wa potasiamu wa seli hizi ukizimwa, mnyama anaonyesha dalili za maumivu ya uso hata kama neva yake haijakatwa. Tena, kwa kuwa seli satelaiti zimeungana, fujo inaweza kuvuka kutoka tawi moja kwenda lingine. Hiyo inasaidia kueleza namna maumivu yaliyoanza kwenye taya yanaweza kupanda hadi kwenye shavu.

Ndani ya ubongo, fasi ambapo neva ya tano inatua, mikroglia zinaamka pia. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha katika panya kama mikroglia zilizoamshwa baada ya neva kuumizwa ndizo zinazofanya mguso mdogo uwe maumivu. Zile zinaanza mapema, katika siku za kwanza. Astrositi zinafuata polepole, na zinaonekana kuwa zile zinazoendesha maumivu kwa muda mrefu. Mwaka 2013 watafiti kadhaa wa maumivu waliuliza waziwazi kama maumivu ya kudumu si ugonjwa wa glia zenyewe.

Kwa maneno mengine: jeraha linawasha moto, glia zinatia kuni. Kung'oa jino hakuzimi moto huo, sababu moto hauko kwenye jino. Na zaidi ya hayo, kila jino zima linalotolewa ni jeraha jipya kwenye neva ile ile.

Si kila kitu kimejulikana kwa mtu kama kwa panya. Mwaka 2015 uchunguzi mmoja ulionyesha kama katika panya dume mikroglia ndizo zinazoendesha maumivu, lakini katika panya jike mwili unatumia njia nyingine, kupitia seli za damu za ulinzi. Kwa miaka mingi, watafiti walitumia zaidi panya dume. Na nevraljia ya trijumo inawakamata zaidi wanawake. Kwa hiyo kile kinachoandikwa juu ya glia lazima kisomwe kwa akili.

Magonjwa mawili yanayojulikana hapa

Kwa mkaaji wa mashariki na kusini-mashariki mwa inchi, glia zina uhusiano na magonjwa mawili ambayo watu wanayajua kwa jina.

La kwanza ni ukoma. RDC ni kati ya inchi ambazo OMS inazifuata kwa karibu juu ya ugonjwa huo. Bakteria ya ukoma inapenda kukaa ndani ya seli za Schwann, ni kusema inafanya nyumba yake ndani ya glia za inje ya ubongo. Njo maana ukoma unaharibu neva: mkono unakufa ganzi, jicho linashindwa kufunga, ngozi ya uso inapoteza hisia. Watu wanafikiri ukoma ni kukosa maumivu tu. Kumbe wako wagonjwa waliomaliza dawa, bakteria zimekufa, lakini wanabaki na maumivu ya neva yanayowaka. Dawa za ukoma ni za bure tangu 1995. Maumivu yanayobaki nyuma yake yanahitaji dawa za aina nyingine, na mgonjwa ana haki ya kuyasema bila kuambiwa kama amekwisha kupona.

La pili ni zona, ule ugonjwa wa malengelenge yanayotokea upande mmoja wa mwili. Virusi vyake ni vile vya tetekuwanga: vinalala ndani ya fundo la neva, vimezungukwa na seli satelaiti, na vinaamka siku kinga ya mwili inashuka. Zona ikitokea usoni, imetoka katika fundo la trijumo. Kisha malengelenge yanakauka, lakini kwa wengine maumivu ya kuwaka yanabaki miezi, hata miaka. Mambo mawili yasisahauliwe. Malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua ao karibu na jicho, mgonjwa akimbilie lopitali siku ile ile, sababu jicho liko katika hatari. Na mtu ambaye bado kijana akipata zona, apimwe virusi vya ukimwi. Si kwa kumtukana. Ni kwa sababu zona mara nyingi ndiyo alama ya kwanza, na dawa zake zipo.

Dawa gani inasaidia, gani haisaidii

Jibu la kwanza linakatisha tamaa: hakuna dawa ya glia inayouzwa leo. Dawa moja, propentofilini, ilikuwa imetuliza glia za panya vizuri. Ilipojaribiwa kwa watu wenye maumivu ya baada ya zona, matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kama haikuwapunguzia maumivu. Kwa hiyo mtu yeyote atakayekuja sokoni na chupa ya «dawa ya glia», anatafuta franga tu.

Jibu la pili lina matumaini zaidi. Dawa inayosaidia nevraljia ya trijumo inajulikana tangu 1962. Ni karbamazepini, ile ambayo wengine wanaijua kwa jina la Tegretol. Haiponyeshi glia, inatuliza nyuzi za neva zinazopiga ovyo. Wagonjwa wengi wa nevraljia ya trijumo wanapata nafuu nayo katika siku chache, hata munganga anaweza kutumia jibu hilo kama alama kama alidhani vizuri. Ni dawa ya zamani, isiyo na bei kubwa, na iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima, upande wa kifafa.

Hapa ndipo mambo ya Kaniama yanaanza kuonekana. Dawa hii haiombi mashine ya mamilioni. Inaomba mtu anayejua kuiandika, na farmasi isiyokosa.

Lakini si kinini ya kununua sokoni na kumeza kwa kubahatisha. Inaanzwa kidogo, inapandishwa polepole. Inaweza kuleta usingizi na kizunguzungu. Mgonjwa akitokea na upele, homa ao vidonda mdomoni, arudi lopitali siku ile ile. Tena inapigana na dawa zingine ambazo watu wa hapa wanazimeza kila mara: inapunguza nguvu ya kinini za kupanga uzazi, inapunguza nguvu ya dolutegravir iliyo ndani ya TLD ya ukimwi, na inaweza kudhoofisha artemeta-lumefantrini ya malaria. Mama mwenye mimba ao anayefikiri kupata mimba lazima aseme mbele, sababu dawa inaweza kudhuru mtoto. Kila munganga ao anfirmiye anayetoa dawa ya malaria kwa mtu wa namna hii lazima aambiwe kwanza kama anameza karbamazepini.

Kwa maumivu ya kuwaka ya baada ya zona ao ya ukoma, mara nyingi waganga wanatumia amitriptilini kwa kipimo kidogo. Wengine wanashituka wakisikia ni dawa ya wagonjwa wa akili. Kwa kipimo hicho inatuliza neva, na kuipata hakumaanishi kama mgonjwa ni kichaa.

Kisicho na faida kinajulikana pia. Parasetamoli na diklofenaki hazifanyi mengi juu ya umeme wa neva, na diklofenaki ikimezwa kila siku inaharibu tumbo na figo. Tramadoli inayouzwa bila karatasi ya munganga inaleta utumwa, na inaweza kuleta kifafa. Pilipili iliyosagwa kupakwa usoni ni hatari kwa jicho, hata kama ni kweli kama kemikali ya pilipili inatumiwa katika dawa fulani za ngozi.

Operesheni nayo ipo. Peter Jannetta, munganga wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 alionyesha namna ya kufungua nyuma ya sikio, kutenganisha mshipa wa damu na neva, na kuweka kitu laini katikati. Kwa wengi inaondoa maumivu kwa miaka mingi. Lakini inaomba munganga wa upasuaji wa ubongo na mashine ya kupiga picha, vitu ambavyo katika inchi hii viko katika miji mikubwa michache. Kwa mtu wa Kaniama, hata kufika Lubumbashi kwa treni ni safari ya siku, na bei ya kulala na kula huko inapita mara nyingi bei ya matunzo.

Shida si elimu peke yake, ni mpango

Utumishi wa afya katika jimbo la Haut-Lomami umepangwa zaidi kwa kupigana na magonjwa ya kuambukiza, na sababu zake ni za haki. Mwaka 2017 jimbo hili lilipata mlipuko wa polio inayotokana na virusi vya chanjo. Malaria na surua zinarudi kila mara. Mgonjwa mwenye umeme katika shavu haambukizi mtu, hafi siku ile ile, na hahesabiwi katika ripoti ya wiki. Kitu kisichohesabiwa hakitafutiwi dawa.

Lakini mambo matatu yamebadilika, na wakubwa wa afya hawawezi kusema hawajui. Tangu tarehe 1 Januari 2022, orodha mpya ya dunia ya magonjwa, ile ya OMS, inahesabu maumivu ya kudumu kama ugonjwa wenye namba yake. Mwezi wa tano 2022, inchi wanachama wa OMS zilikubali mpango wa miaka kumi juu ya kifafa na magonjwa mengine ya neva, hadi 2031. Mpango huo unaomba asilimia 80 ya inchi ziwe na dawa za lazima za neva kwenye ngazi ya chini ya matunzo, ni kusema karibu na raia. Na RDC yenyewe imeanza mpango wa afya kwa wote: mwezi wa tisa 2023 uzazi wa bure ulianzishwa Kinshasa, kisha kupelekwa katika majimbo mengine. Ni hatua kubwa. Lakini imeanza na mama na mtoto mchanga, na ugonjwa wa neva unabaki juu ya mfuko wa familia.

Kwa teritware sawa Kaniama, njia fupi inapita katika kifafa. Karbamazepini inayotuliza uso ni ile ile inayozuia kifafa, na watu wenye kifafa wako katika kila sekta ya inchi hii, wengine wamefichwa nyumbani, wengine wana alama za kuungua sababu walianguka motoni. Zona ya afya ikiomba karbamazepini kwa kituo cha kugawa dawa cha kanda kwa hesabu ya wagonjwa wa kifafa, na ikiongeza hesabu kidogo kwa maumivu ya uso, inajibu shida mbili kwa oda moja. Dawa isipoombwa haitumwi, na wagonjwa wasipoandikwa kwenye daftari dawa haiombwi.

Kuna hatari moja inayopaswa kusemwa. Dawa ya kifafa ikikatika gafula, mgonjwa anaweza kuanguka vibaya kuliko mbele. Kwa hiyo kuanzisha watu wengi kwa sanduku moja lililotoka kwa msaada, kisha kukosa mwezi unaofuata, ni kuwadhuru. Tangu Januari 2025, pale Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya inje, kila zona imeona namna gani ni hatari kutegemea mlango mmoja. Afazali wagonjwa wachache wenye dawa ya mwaka mzima, kuliko wengi wenye dawa ya wiki tatu.

Maswali matatu mbele ya kung'oa jino

Elimu inayohitajika kwenye kituo cha afya si kubwa. Anfirmiye anaweza kuuliza maswali matatu. Je, maumivu yanakuja kwa gafula sawa umeme na kutoka upesi, ao yanauma mfululizo usiku na mchana? Je, kuguswa kidogo, kunawa ao upepo kunayaamsha? Je, jino lenyewe likigongwa polepole linauma, lina tundu, ao fizi imevimba? Jino bovu lina alama zake. Jino zima ambalo linauma kwa sababu ya upepo kwenye shavu lisiguswe kwanza.

Kuna alama zinazoomba mgonjwa atumwe mbele, Kamina ao Lubumbashi, bila kungoja: umri chini ya miaka 40, maumivu ya pande mbili, ganzi isiyotoka, sikio lililoziba, macho yanayoona mbili mbili, ao mkono na mguu vinavyolegea. Hizo zinaweza kuonyesha uvimbe ao ugonjwa mwingine ndani ya kichwa.

Jamaa nayo ina kazi yake. Mtu mwenye maumivu haya anaacha kula sababu kutafuna kunaamsha umeme, anaacha kusema, anajificha. Wengine wanafikia kuchoka na uhai. Asiachwe peke yake, apewe chakula laini cha uvuguvugu, apelekwe lopitali na mtu anayeweza kueleza pahali pake. Maombi hayakatazwi na mtu. Kinachokatazwa ni kumwambia aache kinini. Na neno la kumshitaki bibi ao shangazi kuwa mulozi halina msingi: kilichoonekana katika fundo la trijumo ni seli na potasiamu.

Kamati za afya za kila eneo, CODESA, ndizo zinazokaa na anfirmiye titilere kusikiliza ripoti ya dawa. Kwenye mkutano unaofuata, mkaaji yeyote wa Kaniama anaweza kuuliza kwa adabu: wagonjwa wa kifafa na wa maumivu ya neva walioandikwa ni wangapi, karbamazepini iliombwa lini, na imekosekana siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita? Majibu yaandikwe katika daftari ya kamati, yapelekwe kwenye ofisi ya zona, na kutoka pale kwenye divizio ya afya ya jimbo huko Kamina.